Tone la Mama Kwenye Droo

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio unaoumwa. Shemeji hajambo? Watoto je? Na Mama, homa imempa nafasi ya kula?

Unajua hapa maabara wananiita Jicho. Miaka kumi na minne ya darubini, na jina hilo limenivimbisha kichwa. Tulipoletewa mashine ya kusoma vinasaba, niliwaambia wenzangu kwamba mimi sifundishwi kazi na sanduku. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Vimelea vya malaria viko vya aina kadhaa, na vingine hufanana kama watoto wa tumbo moja. Mama alipokuja mara ya kwanza, niliitazama damu yake dakika mbili, nikaandika malaria ya kawaida. Daktari akaomba niipime na kwa mashine pia. Nikadondosha tone kwenye karatasi, likakauka, nikalitia kwenye droo. Limekaa humo miezi mitano.

Homa ikapoa, ikarudi, ikapoa tena. Ukanipigia simu kusema Mama anatema dawa, nami nikakubaliana nawe. Ukaanza kumkagua mdomo kila akimeza, hadi siku ile ulipomwita mwongo mbele ya wajukuu zake. Tangu hapo hataki kusikia habari ya hospitali.

Jumanne nilipanga droo, nikaikuta karatasi, nikaipima kwa mashine. Dada, ni aina nyingine, ile inayojificha kwenye ini na kuamka hata kama mgonjwa amemaliza dozi. Ina dawa yake. Mama hakutema hata kidonge kimoja.

Tena nikufungulie moyo wote, maana mficha uchi hazai. Siku ile ya kwanza nilisita. Niliona chembe za damu zimevimba kidogo, dalili ya aina hiyo nyingine, nikajua ni vyema nimuulize mwenzangu. Jicho amuulize nani? Nikafunga daftari.

Nimemweleza daktari. Amesema Mama aje wiki hii, apimwe kwanza kama dawa hiyo itamfaa. Kazini nimeitwa kujieleza, na nimejitakia.

Sikupiga simu kwa sababu nataka umsomee Mama haya yote, usiruke mahali. Kisha mwombe radhi. Yangu nitakuja kuiomba mwenyewe Jumamosi, akikubali kunifungulia mlango.

Nisalimie wote nyumbani, mkubwa kwa mdogo.

Ni mimi,
mdogo wako