Kadi ya Kocha wa Pili

Bwera, 9 Juni 2014

Mdogo wangu mpendwa Bright,

Nakusalimu kutoka nyumbani, ambako mvua imeshika milima tangu Jumapili. Goti lako limepoa? Unapata chakula cha kushiba? Mama huuliza hivyo kila akisonga bundu la muhogo, kisha hutoa sahani moja zaidi na kuirudisha kabatini. Sisi ni wazima. Kaburi la Baba tumeshalijengea. Wahabu ndiye aliyeleta mchanga, kwa lori lake lile lile la kabichi.

Juzi nililikuta likishushwa mzigo sokoni Mpondwe, nikakukumbuka umesimama juu yake ukiturushia kabichi. Macho yako yalikuwa kushoto, kabichi ikaja kulia, na Baba akaipokea kwa kifua huku akicheka na kukuita mwizi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Unasema kocha amekuweka chini ya kikapu uruke tu, na kuongoza mchezo amepewa kijana Mzungu ambaye unamzidi. Ulipouliza, ukaambiwa Waafrika mna miguu, kufikiri muwaachie wengine. Unasema umeanza kuamini, na mwezi wa nane utaacha mpira. Tafadhali, usiache kabla ya kumaliza barua hii.

Unakumbuka kwamba baada ya mashindano ya Kasese walikuja makocha wawili wa vyuo vya Marekani. Mzungu alitangulia, akakupima mikono kwa futi kama fundi cherehani, akatuonyesha picha za uwanja mkubwa. Kesho yake akaja yule Mmarekani mweusi. Wewe ulikuwa umesharudi shuleni Rukoki, kwa hiyo aliketi na Baba, nami nikatafsiri. Aliuliza nani alikufundisha kupitisha mpira bila kumtazama unayempa. Baba akamsimulia habari za kabichi, wakacheka wote wawili kabla sijamaliza kutafsiri.

Kisha akasema kwamba kwao vyuo vingi vikimwona Mwafrika mrefu hupima urefu na kusahau kichwa. Chuoni kwake wewe ungeongoza mchezo. Baba akanigeukia, akauliza anasema nini. Nikamjibu, "Anasema chuo chake ni kidogo."

Ni hayo tu niliyotafsiri, Bright. Nilimwona ana ngozi kama yetu na viatu vya vumbi, nikadhani hawezi kumfikisha mtu popote. Yule Mzungu nilimwamini kabla hajafungua mdomo. Baba alitia sahihi karatasi zake kwa sababu yangu.

Wiki yake ya mwisho, nikimnywesha uji, Baba aliniuliza, "Docus, yule kocha mweusi alisema nini kweli?" Nikamwambia apumzike. Hakuuliza tena. Jibu lake nimekupa wewe.

Kadi ya kocha huyo nilikuwa nimeiweka katika Biblia. Jana nilimpigia simu. Anasema ukihamia kwake, kwa kanuni za vyuo vyao utakaa mwaka mmoja bila kucheza, lakini nafasi ipo. Hakuuliza kama umeongezeka urefu. Aliuliza kama bado unatazama kushoto na kupitisha kulia. Nikamwambia nitakuuliza.

Kadi imo ndani ya bahasha hii. Kunikasirikia una haki, ila mpigie yeye kwanza.

Mama anakusalimu sana. Wahabu naye anakusalimu, anasema tangu uondoke kabichi zake zinaanguka chini.

Dada yako anayekupenda,
Docus