Mstari Wako Niliouficha

Mzee Emojong,

Leo nimefanya kitu ambacho nilikuwa nakikwepa tangu tulipokuzika. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa kwenye kituo cha afya hakuna mwingine atakayenielewa.

Presha ilipokuondoa ghafla, kazi yako ya rekodi niliachiwa mimi. Zile faili za maandishi kutoka kwa wahudumu wa vijijini bado zinakuja: namba ya mgonjwa, koma, halafu hali yake mpya. Amehama. Amepona. Amefariki. Wewe ulikuwa ukiziingiza moja moja kwa mkono, miwani ikiteleza puani. Mimi sikuweza, Mzee. Faili zilirundikana, na kila nilipokalia kiti chako niliinuka tena. Basi nikaandika skripti ya shell, programu fupi ya kompyuta, somo uliloanza kunifundisha tusilimalize. Inasoma faili mstari kwa mstari, inachukua namba, inatoa amri ya UPDATE, ya kubadilisha hali ya kila mgonjwa, tayari kuingia kwenye hifadhidata. Ilipokubali, niligeuka nikuite. Nikaona ukuta.

Kabla ya kutuma zile amri nilizisoma zote, kama ulivyonizoesha. Katikati nikakuta namba yako ya kliniki ya presha. Amefariki. Nikaufuta mstari huo, nikatuma mingine. Nilijiambia ni kwa siku moja tu. Siku zikapita.

Leo asubuhi mke wako, Mama Amoit, alikuja. Alitembea kutoka nyumbani kando ya foleni ya malori ya mpakani, na simu yako mkononi. Jana mfumo ulikuwa umekutumia ujumbe: Emojong, kesho ni kliniki yako ya presha, usikose. Hakuwa na hasira. Alinionyesha, akauliza, "Kwa hivyo huko ndani bado yuko?"

Nilimweleza kwamba ni mimi. Kwamba nilishindwa kukutoa. Akasema, "Mtoe, mwanangu. Nilipousoma nilitoa shati lake nikaanza kulipiga pasi."

Mzee, nisamehe.

Skripti sikuitumia. Niliandika amri yako kwa mkono, herufi kwa herufi, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Kompyuta ikajibu kwamba mstari mmoja umebadilika. Mmoja. Akanishika bega, akaondoka. Nilibaki hapo, wagonjwa wakiita dirishani na mimi siwasikii.

Mkuu wa kituo ananisifu kwamba sasa kazi imekuwa rahisi. Si rahisi. Kila faili inayofika ni watu, na hakuna aliyebaki wa kuniambia niende polepole. Kuna siku naona heri nirudi kwetu Bukhayo nilime, nisione tena lile neno Amefariki.

Basi lala, Mzee. Nakuahidi hakuna ujumbe mwingine wenye jina lako utakaomfikia Mama Amoit. Jumapili nitaenda kumwona, nimwombe msamaha vizuri. Kuhusu moyo wangu siahidi kitu.

Ni mimi uliyemfundisha,
Nabwire