Toleo la Zamani
Jumanne, Mbeya

Nimenunua kitabu nisichokitaka. Ni cha kujiandaa na mtihani wa cheti cha intaneti, lakini ni toleo la zamani, sura ya usalama wa mitandao haimo. Toleo jipya nililiona duka la jirani, palepale sokoni Mwanjelwa.

Ila huyu muuzaji aliyeniuzia la zamani alisikia ninavyoongea, akacheka: "Kamwene, dada! Wewe wa Iringa kabisa!" Tangu nihamie huku hakuna aliyenisalimia Kihehe. Tukaongea habari za nyumbani, nikaona aibu kuondoka mikono mitupu.

Naogopa. Ofisini wamesema bila cheti hakuna mkataba mpya.

Kesho nitanunua lile jipya. Nitalificha kwenye mkoba, maana nataka kupita kwake tena anisalimie.