Mpini wa Rangi ya Chungwa

Jumatano, Ipogolo

Bado nalistaajabu lile gari la Mama Sekela la haibridi, linalotumia petroli na umeme. Asubuhi nililifanyia sevisi, nikasafisha feni ya betri kubwa, nikafunga kila kitu. Likagoma kuwaka. Nikaita watu tulisukume, kama tunavyosukuma malori. Mama akanizuia: "Fundi, nililileta likitembea. Kesho namzika kaka yangu kule Igowole."

Nikarudia kazi hatua kwa hatua. Ile plagi ya rangi ya chungwa, inayokata umeme wa betri kubwa, niliichomoa kabla ya kazi na nilikuwa nimeirudisha, ila mpini wake sikuusukuma hadi mwisho. Nikausukuma, ukalia ta! Gari likawaka kimya.

Kumbe lilijua nimekosea! Malori hayajawahi kunikatalia kosa. Yaliwaka tu, yakaondoka. Sijui mangapi yameteremka kona kali za mlima Kitonga na makosa yangu.