Magauni Sita ya Pamba na Lebo Niliyoihamisha

Mpendwa mshauri, nisaidie, na tafadhali usinicheke, ingawa mimi mwenyewe nacheka huku naandika. Mimi ni fundi wa nguo, nina binti wa miezi mitano, wa kwanza, mnene, mapaja yana mikunjo mitatu mitatu, na tangu azaliwe nimepagawa kwa furaha, mteja akija kupimwa suruali naanza kwa kumwonyesha visigino vya mtoto.

Sasa mama mkwe wangu, karani wa ofisi moja, alimletea mjukuu wake magauni sita ya nailoni yanayong'aa, yenye marinda, na kila nikimvisha mtoto anatoka jasho, shingo inajaa vipele, analia mpaka tunalia naye, muuguzi wa kliniki akasema ni joto na msuguano, mvishe pamba laini, basi nikatafuta pamba ya kilimo hai, ile inayolimwa bila dawa za kuua wadudu, nikachagua rangi zilezile, nikafumua yale magauni, nikakata kwa kufuata vipande vyake, nikashona mengine sita, marinda yaleyale, vifungo vilevile, na hapo, kwa kuogopa mama mkwe asichukie, shetani akanipitia, nikahamisha hata lebo ya duka.

Vipele vimekwisha, mtoto analala fofofo, na mama mkwe alipoyashika akasema, "Unaona, mwanangu? Mimi nikichagua nguo nimechagua. Yamefuliwa, kung'aa kumeisha, ndiyo kwanza yanalainika." Mshauri, huyu mama siku zote aliniita "fundi", ile ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu, nikayeyuka, nikanyamaza. Kumbe wenzake watatu ofisini wamepata wajukuu, na Jumamosi anarudi duka lilelile kuwanunulia magauni kama yale. Mume wangu anacheka tu, anasema, "Ulishona mwenyewe, fumua mwenyewe." Nikisema nitampoteza mama, nikinyamaza watoto watatu watawashwa. Nifanye nini?

Fundi Mwenye Siri

Fundi wangu,

Nimekucheka, samahani, hasa pale kwenye lebo. Kumwokoa mtoto na vipele ulifanya vyema sana, tena ulimsikiliza muuguzi, hongera. Lakini kuhamisha lebo ni uongo ulioshonwa kwa mkono, na unaujua, la sivyo usingeniandikia.

Hebu tusikuze mambo. Mama huyu hakuja na nailoni ili amchome mjukuu. Aliona kitu kinang'aa dukani, akamkumbuka mtoto, akafungua pochi. Na hilo neno mwanangu halikutoka kwa sababu ya duka, lilitoka kwa sababu alimkuta mjukuu amelala, ngozi safi, na wewe umekaa pembeni.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Nenda kwake kesho na mtoto, na gauni moja la nailoni lililobaki vipande, na moja la pamba. Mwambie, "Mama, nilikuogopa, nikakudanganya." Atanuna. Mwache anune, wala usijitetee. Kisha mpe vitambaa vyote viwili avipitishe shavuni mwake, yeye mwenyewe, bila wewe kuhutubia.

Akishatulia ndipo umweleze kwamba pamba inapitisha hewa na kunyonya jasho, kwamba iliyolimwa bila sumu inamwepusha mkulima na dawa mbaya na kuacha udongo na maji vikiwa salama, na kwamba ikichakaa inaoza ardhini, wakati nailoni kila ikifuliwa inaacha nyuzi za plastiki kwenye maji. Usiipambe kupita kiasi, pamba si dawa ya hospitali. Ifue kabla ya kumvisha mtoto, na vipele vikirudi nenda kliniki. Hayo magauni yakimbana, wape watoto wengine, na yakichanika yafanye vitambaa vya kumfutia mate.

Jumamosi nendeni pamoja, lakini kwenye duka la vitambaa. Yeye achague rangi na vifungo vya wale wajukuu watatu, wewe ushone, na lebo safari hii usiweke ya mtu.

Halafu chukua futi yako umpime na yeye. Ana mkwe fundi, na kwenye barua yako yote sijaona mahali ulipowahi kumshonea hata leso.