Ng'ombe wa Kuwekesha

Temeke, Dar es Salaam

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili mpelekee mama jikoni. Mimi mzima, kikohozi cha vumbi la pamba kimepungua. Je, mvua imewafikia, au bado mnatazama mawingu?

Ulinituma niulize mjini habari ya ile ruzuku ya mifugo, maana Bwana Mifugo wa huko kila akiulizwa anasema masharti yametoka Dar es Salaam. Niliomba ruhusa kiwandani nikaenda. Baba, nilikwenda najua kidogo, nimerudi sijui kitu. Mwenye nyumba wangu, Mzee Kibwana, ananicheka. Anasema ruzuku ni riziki tu, na riziki haiombwi kwa karani.

Karani mwenyewe alikuwa mtu mwema. Alisema serikali itamsaidia mfugaji kulipia dawa ya kupe, lakini awe amehamia kijiji cha ujamaa. Hilo tumetimiza, hata nyumba ya babu tuliibomoa. Tena awe na ng'ombe wake mwenyewe, ndani ya zizi lake mwenyewe. Hapo nikakwama. Nilimweleza kwamba ng'ombe wako umewawekesha kwa Mzee Chilewa na kwa shemeji zako, na walio zizini kwako ni wa watu, wamewekeshwa kwako. Akadhani tunawaficha. Nikamwambia hatufichi kitu, ndivyo sisi Wagogo tunavyofuga: kiangazi kikiua kwako, kwa mwenzako watabaki.

Akakuna kichwa. "Sasa ndugu yangu, mfugaji ni nani? Mwenye ng'ombe, au anayelala nao?"

Nilimrudishia swali hilohilo. Mwishowe akasema kila mtu akusanye wake ndipo aombe. Nimechanganyikiwa kabisa. Ukiwachukua, Mzee Chilewa atauliza amekukosea nini, na wajukuu zake watakunywa maziwa gani? Ukiwaacha, dawa hupati, na mama ameshaniambia kupe wanawamaliza ndama.

Kisha akaniuliza kama na mimi ni mfugaji. Nikajibu upesi kwamba ndiyo, kwa ajili ya yule mtamba uliyenipa nilipotoka jandoni. Akauliza, "Yuko wapi?" Nikakiri kwamba sijui. Sijui, baba. Umemwekesha na hukuniambia kwa nani. Waliokuwa nyuma yangu walicheka, nami nikacheka nao, ila njiani kurudi Temeke machozi yalinitoka.

Msalimie shangazi aliyenilea, na dada na mumewe. Mzee Chilewa naye msalimie, lakini haya usimwambie kwanza.

Amua wewe, mimi nimeshindwa. Ila ukiamua kuwakusanya wako wote walio kwa watu, kumbuka na mimi umeniwekesha huku.

Mwanao,
Yohana