Fungate na Darubini ya Baba

Jumapili, 5 Januari 2025

Siku ya tatu ya fungate. Wenzangu husimulia fungate za maneno matamu. Yangu ina bunduki mezani.

Ni ya Baba, ya kuwindia nguruwe wanaomaliza muhogo wa watu Chwaka. Kibali chake, risasi kabaki nazo, na komeo lake la kufyatulia kalichomoa kalifungia kabatini kwake. Mkwe kakabidhiwa mti na chuma, na darubini mpya ya kulengea ndani ya boksi. Ahmada wangu ni mwalimu wa kompyuta. Baba kamwambia mbele ya watu: asiyeweza kufunga skrubu, ataweza kumjengea mwanangu nyumba? "Jumamosi tunakwenda porini. Darubini ikitulia, mchukue mkeo mhamie Bububu. Isipotulia, kaeni hapa juu nikuoneni."

Hapa juu, yaani juu ya chumba chake. Sakafu ya mbao. Nikicheka, anakohoa.

Jumatatu, 6 Januari

Leo nimesomeshwa mapenzi ya kisasa. Darubini inashikwa na ringi mbili za chuma. Nusu ya chini inakaa kwenye bunduki, nusu ya juu inafunika. Mshamba atadhani unafunga tu, basi. La. Ndani hazikulingana. Ahmada kanionyesha kwa tochi. Sikuona kitu, nikasema naona. Ndiyo ndoa.

Kwa hiyo anasaga. Dawa ya kusagia valvu kaipata kwa fundi wa magari Mwanakwerekwe. Kaipaka ndani ya ringi, kalaza fimbo ya chuma — mbele, nyuma, mbele, nyuma. Saa mbili nzima. Bi Mashavu, somo wangu aliyenifunda, kaja na chai na mkate wa kumimina, kausikia mlio ule, kasita mlangoni akijichekea. Kuingia, kaiona bunduki. Uso ukamshuka.

"Miaka arobaini natia maharusi ndani, hili sijaliona."

"Shikamoo, somo," kasema mume wangu, kichwa hakuinua.

"Marahaba, fundi."

Jumatano, 8 Januari

Bado. Anafuta, anatazama palipong'aa, anasaga tena. Pakishang'aa robo tatu inatosha, kasema. Nikavaa kanga mpya, nikatia asumini kichwani. Kaniomba nisogee, namzibia taa.

Lakini akiwa anafikiri huuma ncha ya ulimi. Mzuri huyo! Nshamsamehe.

Alhamisi, 9 Januari

Siku ya saba. Kusaga kumekwisha, alhamdulillahi, na meza ya mama yangu imebaki na miguu yote minne.

Kaosha ringi na skrubu kwa spiriti, kazipanga juu ya karatasi nyeupe. Zisiguswe ndani. Mafuta yakibaki hata kidogo, darubini itateleza bunduki ikilia. Ndiyo, mume wangu, nikasema. Kama somo la dini.

Kenda kusali. Nyuma yake Bi Mashavu kaniletea kichupa cha halud, yale mafuta ya udi: leo siku ya mwisho, mpake mumeo mikono, ndiyo ada. Aliporudi nikampaka. Kidole kimoja kimoja, viganja, mpaka viwikoni. Kafumba macho. Hakutaja bunduki. Katika siku saba, dakika kumi hizi ndizo fungate yangu, na sizibadilishi na kitu.

Kisha kafumbua macho, kakaa mezani, kafunga darubini. Kainyoosha kwa kuilinganisha na uzi wenye jiwe aliouning'iniza dirishani, kakaza skrubu kwa kupishana, taratibu. Mimi nimeshika tochi. Chumba chote kinanukia.

Jumamosi, 11 Januari

Wamerudi kabla ya adhuhuri. Mapema mno. Wako chini na wasasi wawili waliokwenda nao kuwinda, wanasimulia, na sakafu hii haifichi maneno.

Risasi ya kwanza ilipiga shabaha. Ya pili pembeni. Ya tatu imeangusha mpapai wa watu. "Mwalimu, kompyuta imezima," kasema mmoja, na wakacheka.

Baba anafungua ringi. Anazinusa.

"Ahmada. Mbona bunduki yangu inanukia harusi?"

Mikono ile. Mimi!

"Sikuosha mikono, baba. Kosa langu."

"Mwanamume hajipaki halud mwenyewe. Nani kakupaka?"

Hasemi. Jina langu moja tu lingemwokoa, wangecheka, yakaisha.

"Basi Bububu hamwendi." Kisha, kwa sauti ya kupanda ngazi: "Bahiya."

"Naam."

"Shuka."

Nimesimama. Mara nikamsikia mume wangu, polepole: "Mwache, baba. Nipe hizo ringi nizioshe tena, hapa hapa, mbele yako. Na mbele ya hawa."

Wasasi hawacheki tena. Chupa ya spiriti iko huku juu, kwangu. Nshaishika mkono mmoja, mwingine una kalamu. Naiweka kalamu, nashuka na chupa.